Bomba moja halitoshi kupima utelezi

Kata kona ya paketi ya nyanya ya gramu 70, ile inayouzwa kwa Mangi, kisha ikamue taratibu juu ya sahani. Haitoki kwa kuchuruzika kama mafuta ya kula. Unatoka utepe wenye umbo lilelile la tundu ulilokata, na ukiuinamia penye mwanga utaona ubavu wake unang'aa kwa maji. Nyanya yenyewe haijakorogeka ndani. Imetoka nzimanzima, ikiteleza juu ya maji yake yenyewe yaliyojitenga kwenye ukuta wa paketi. Dawa ya meno yenye mistari ya rangi hufanya hivyohivyo: mistari inatoka bila kuchanganyika kwa sababu katikati hakuna tabaka linalokwaruzana na jingine.

Tabaka hilo la maji ndilo ninaloliandikia leo. Mara nyingi unene wake haufiki mikromita chache. Ndani ya bomba huwezi kuliona, lakini linaweza kubeba nusu ya mtiririko wote. Ukiliacha nje ya modeli, hesabu zako zinaweza kukubaliana vizuri na vipimo vya maabara, kisha zikakosea kwa theluthi na zaidi siku unapobadilisha ukubwa wa bomba. Wanafunzi wa hisabati hapa Dar wanaokokotoa mitiririko hii, na mafundi mitambo wa viwanda vya sosi, rangi na sabuni ya maji, wanakutana na kosa hili kutoka pande mbili. Ninalotaka lieleweke ni hili: utelezi, yaani kuteleza kwa kimiminika ukutani juu ya tabaka hilo, na mnato havitenganishwi kwa vipimo vya bomba moja, hata uchukue vipimo mia.

Maneno kwanza. Chukua tabaka mbili za kimiminika zinazopita kwa mwendo tofauti. Tofauti ya mwendo wao ukiigawanya kwa umbali uliopo kati yao unapata kasi ya mkwaruzano, γ, ambayo kizio chake ni 1/s. Kani ya msuguano kwa kila mita ya mraba ya tabaka ni mkazo wa mkwaruzano, τ, unaopimwa kwa paskali (Pa). Kwa maji au mafuta ya alizeti, τ huongezeka sawia na γ, na namba inayoviunganisha ndiyo mnato. Hivyo ni vimiminika vya Newton. Nyanya ya kopo, uji, rangi ya ukuta, mtindi na zege bichi haviko hivyo. Uji mzito wa ulezi ukiukoroga haraka unalainika, ukiacha unakaza tena. Modeli rahisi ya tabia hiyo ni ya Ostwald na de Waele:

τ = K γ^n

K hueleza jinsi kimiminika kilivyo kizito kutiririka na n ni kipeo. Ikiwa n iko chini ya 1, kimiminika hulainika kadiri kinavyokorogwa. Vile ambavyo havisogei kabisa mpaka visukumwe vya kutosha vinahitaji modeli ya Herschel na Bulkley ya mwaka 1926:

τ = τ0 + K γ^n

Hapa τ0 ni mkazo wa kuanzia mwendo. Chini yake kimiminika ni kama kitu kigumu.

Milinganyo hiyo inaeleza yanayotokea ndani ya kimiminika. Ya ukutani ni swali jingine. Navier, mwaka 1823, aliandika kwamba mwendo wa kimiminika pale kinapogusa ukuta ni sawia na mkwaruzano uliopo hapo. Stokes, mwaka 1845, alipima pande zote mbili akaegemea upande wa mwendo sifuri ukutani, na vitabu vya shule vimebaki hapo. Kwa maji ndani ya bomba la kawaida Stokes yuko sahihi kwa matumizi yote, maana utelezi wa maji ni mambo ya nanomita. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo imehamishwa ilivyo kwenda kwenye rojo zenye chembechembe, na huko haina msingi.

Sababu yake ni ya kijiometri. Chembe ya nyanya yenye kipenyo cha mikromita 200 haiwezi kuweka kitovu chake karibu na ukuta kuliko mikromita 100, ukuta unaizuia. Kwa hiyo ukutani daima kuna ukanda wenye chembe chache kuliko katikati, na humo majimaji ndiyo yanayotawala. Mkazo ni uleule pande zote mbili za ukanda huo, lakini mnato wa majimaji ni mdogo kwa maelfu ya mara kuliko wa rojo. Mkwaruzano mkali kabisa unahamia pale. Kama unene wa ukanda ni δ na mnato wa majimaji ni μ, mwendo wa utelezi us unatoka moja kwa moja:

us = δ τw / μ

τw ni mkazo wa ukutani. Uwiano δ/μ unaitwa β, na hivyo us = β τw.

Hapa lipo kosa la kwanza, nalo limeenea sana kwenye kazi za ukokotozi. Watu huandika sharti la mpaka kwa sura ya Navier, us = b γw (γw ni γ ya ukutani), halafu wanaifanya b, yaani urefu wa utelezi, kuwa namba isiyobadilika. Kwa kimiminika cha Newton hakuna ubaya, kwa kuwa b ni β mara mnato wa kimiminika chenyewe, na mnato huo haubadiliki. Kwa rojo, mnato wenyewe unabadilika na mkazo, kwa hiyo β ikiwa haibadiliki, b lazima ibadilike. Tuweke namba ili ionekane, na namba hizi tutakwenda nazo hadi mwisho. Chukua rojo yenye K = 20 Pa·s^0.5 na n = 0.5, inayoteleza juu ya majimaji yenye mnato wa 1 mPa·s na ukanda wa mikromita 0.5. β inakuwa 0.0005 m/(Pa·s). Mkazo wa ukutani ukiwa Pa 100, γw ni (100/20)² = 25 kwa sekunde, us ni 0.05 m/s, na b inatoka milimita 2. Mkazo ukishuka hadi Pa 50, b inapanda hadi milimita 4. Ukipanda hadi Pa 200, b ni milimita 1. Ukanda wa nusu mikromita, na urefu wa utelezi wa milimita kadhaa! Asiyebadilisha b ametatua tatizo la kimiminika kingine kabisa.

Kwenye bomba la mviringo lenye nusu kipenyo R na urefu L, shinikizo likishuka kwa ΔP kutoka mwanzo hadi mwisho, mizania ya kani inatoa mkazo wa ukutani bila kujali kimiminika ni cha aina gani:

τw = ΔP R / (2L)

Ukiunganisha modeli ya kipeo kutoka ukutani kwenda katikati, ukiweka us kama mwendo wa ukutani, mwendo wa wastani ni

V = us + R · n/(3n+1) · (τw/K)^(1/n)

Itazame vizuri sehemu ya kulia. Sehemu ya mnato inakua na R. Sehemu ya utelezi haina R kabisa. Tofauti hiyo ndiyo mlango pekee wa kuvitenganisha viwili hivi, na ndiyo maana bomba moja halifai: ukiwa na R moja tu, unaona jumla, na hakuna njia ya kujua kipi kimechangia kiasi gani.

Tujaribu kudanganywa. Bomba lina R = 10 mm, rojo ni ileile, vipimo vitatu vinachukuliwa kwa mikazo ya Pa 50, 100 na 200. V inatoka 0.0375, 0.10 na 0.30 m/s. Desturi ni kukokotoa 4V/R, inayoitwa kasi ya mkwaruzano ya juujuu: 15, 40 na 120 kwa sekunde. Chora mikazo dhidi ya kasi hizo kwenye karatasi ya logi. Nukta zinakaa karibu na mstari mnyoofu, na mteremko wake unasema n = 0.67. Ukifanya masahihisho ya Rabinowitsch (zidisha 4V/R kwa (3n+1)/4n ili upate kasi halisi ya ukutani), K inatoka 7.9. Mstari huo unakosea nukta za pembeni kwa asilimia 6 tu, na mtu yeyote angeukubali. Lakini n halisi ni 0.5 na K ni 20.

Sasa modeli hiyo ipeleke kiwandani kwenye bomba la R = 50 mm, yaani bomba la inchi 4. Kwa mkazo wa Pa 100, modeli iliyodanganywa inaahidi V = 0.5 m/s, takriban lita 3.9 kwa sekunde. Kitakachopatikana ni 0.05 ya utelezi na 0.25 ya mnato, jumla 0.30 m/s, takriban lita 2.4. Ili kuifikisha rojo kwenye 0.5 m/s unahitaji mkazo wa karibu Pa 132. Kwa bomba la mita 60 ni bar 3.2 badala ya bar 2.4 zilizokokotolewa. Pampu ikishanunuliwa, mzigo unakwenda polepole, na lawama huangukia nyanya za msimu, mota au fundi aliyefunga bomba. Hakuna kati ya hivyo chenye kosa. Utelezi uliosaidia sana kwenye bomba jembamba hausaidii kwa kiwango hicho kwenye bomba pana.

Mooney alitoa dawa mwaka 1931. Shika mkazo wa ukutani mahali pamoja, badilisha R, kisha chora 4V/R dhidi ya 1/R. Kutokana na mlinganyo wa juu, nukta zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu ambao mteremko wake ni 4us, na pale unapokata mhimili wima, yaani 1/R = 0, ndipo ilipo kasi ya juujuu isiyo na utelezi. Kwa rojo yetu kwa Pa 100: bomba la R = 5 mm linatoa 60 kwa sekunde, la 10 mm linatoa 40, la 20 mm linatoa 30. Katika mhimili wa 1/R hizo ni 200, 100 na 50 kwa mita. Mteremko ni 20 kugawa kwa 100, yaani 0.2 m/s, gawa kwa 4, us ni 0.05. Mstari unakata kwenye 20. Zidisha kwa (3n+1)/4n, yaani 1.25, unarudi kwenye 25 kwa sekunde. Ukirudia kwa mikazo minne au mitano unapata β na mkunjo wa kweli wa mnato, kila kimoja peke yake.

Kifaa chake hakihitaji maabara ya gharama. Unahitaji tangi dogo la chuma linalohimili shinikizo, kompresa yenye regulata, mabomba matatu, mizani na saa ya kuhesabia sekunde. Siri ya kurahisisha kazi ni kukata mabomba kwa uwiano uleule wa urefu na kipenyo. Ukichagua L/D = 100, bomba la kipenyo cha 10 mm linakuwa mita 1, la 20 mm mita 2, la 40 mm mita 4. Kwa kuwa τw = ΔP D/(4L), shinikizo moja linatoa mkazo mmoja kwenye mabomba yote matatu: bar 0.4 ni Pa 100, kote. Huna haja ya kukadiria kati ya nukta. Kwa rojo yetu, bomba jembamba litatoa karibu mililita 6 kwa sekunde, la kati 31, pana 188. Kusanya kwa sekunde 30, pima kwa uzito, gawa kwa msongamano. Usipime ujazo kwa macho, mapovu ya hewa yatakudanganya. Kwa bomba pana hakikisha tangi lina mzigo wa kutosha, sekunde 30 zinakula karibu lita 6.

Vitu vinavyoharibu kipimo hiki ni vidogo. Cha kwanza ni kipenyo. Bomba la "nusu inchi" dukani halina nusu inchi ndani, na kosa la asilimia 2 kwenye R, ukikokotoa kwa 4Q/πR³ (Q ni ujazo unaotoka kwa sekunde), ni asilimia 6 kwenye jibu. Usipime mdomo kwa rula. Ziba ncha moja, jaza maji, mwaga kwenye mizani: bomba la mita 1 lenye kipenyo cha 10 mm linabeba gramu 78.5 za maji, na kutoka hapo unapata R ya wastani ya bomba zima. Cha pili ni kina cha mzigo kwenye tangi. Rojo yenye msongamano wa 1050 kg/m³ ikiwa imesimama mita 1 juu ya bomba inaongeza bar 0.1, robo nzima ya shinikizo lako, na inapungua kadiri tangi linavyoisha. Laza bomba mlalo, tumia tangi pana na fupi, na ingiza kina hicho kwenye hesabu. Geji nayo: ile ya kompresa inayosoma hadi bar 10 haiwezi kukuonyesha 0.4 kwa uaminifu. Tafuta ya 0 hadi 1.

Joto la Dar linastahili sentensi zake. Kati ya nyuzi 25 za asubuhi na 30 za mchana, mnato wa maji unashuka kwa takriban asilimia 10, na kwa kuwa β ni δ/μ, utelezi unapanda kwa kiasi kinachofanana na hicho. Ukipima bomba jembamba asubuhi na pana mchana, mteremko wa Mooney unakuwa umechora hali ya hewa. Pima mabomba yote matatu kwa mzigo uleule, ndani ya saa moja, kipimajoto kikiwa ndani ya tangi. Na mabomba yawe ya kitu kimoja: chuma cha pua yote, au plastiki yote. Utelezi ni mali ya rojo na ukuta kwa pamoja, kwa hiyo β ya chuma usiipeleke kwenye PVC ukategemea ifanane.

Hasara ya mlangoni, pale rojo inapojibana kuingia kwenye bomba, huondolewa kwa njia ya Bagley ya 1957: mabomba ya kipenyo kimoja, urefu tofauti, chora ΔP dhidi ya L kwa V moja, na pale mstari unapokata L = 0 ndipo ilipo hasara. Kwa L/D ya 100 na rojo isiyovutika huwa ni ndogo. Kwa L/D ya 10 inaweza kumeza kila kitu.

Wakati mwingine mstari wa Mooney unakata mhimili chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba kimiminika, utelezi ukiondolewa, kinarudi nyuma, jambo lisilowezekana. Ukiona hivyo usilazimishe mstari upite sifuri, na wala usifute nukta moja ili upendeze. Jastrzebski alipendekeza mwaka 1967 kuandika us = β τw/R na kuchora dhidi ya 1/R². Mara nyingi mstari unanyooka, na watu wengi wanaishia hapo kwa furaha. Mimi siipendi njia hiyo pasipo uchunguzi, kwa sababu utelezi unaotegemea ukubwa wa bomba ni dai zito kuhusu ukanda wa ukutani, na mara nyingi chanzo ni kingine: chembe kubwa mno kwa bomba jembamba (kipenyo cha bomba kiwe angalau mara kumi ya chembe kubwa kabisa), rojo iliyotuama au kujitenga maji wakati wa kusubiri, rojo iliyojipasha joto kwa msuguano, au hasara ya mlangoni ambayo haikuondolewa. Anza na hizo.

Kwenye rheomita ya sahani mbili, kifaa cha maabara cha kupima mnato, mantiki ni ileile, isipokuwa badala ya R unabadilisha nafasi kati ya sahani: 0.5, 1 na 2 mm. Mikunjo mitatu ikilalia pamoja, hakuna utelezi wa kuhesabu. Ikiachana, na ya nafasi ndogo ikionyesha mnato mdogo, utelezi upo. Ukitaka kuuzuia badala ya kuupima, bandika msasa namba 120 au wa kukwaruza zaidi juu na chini kwa gundi isiyopitisha maji, au tumia kipimio chenye mapanga manne kinachozamishwa kwenye kikombe. Msasa ukilowa na kuvimba, nafasi uliyoiweka si nafasi uliyonayo; weka sifuri upya baada ya kuubandika.

Vimiminika vyenye mkazo wa kuanzia vinaleta jambo zuri ambalo halitumiwi vya kutosha. Kama τw iko chini ya τ0 na bado mzigo unatembea, basi mwendo wote ni utelezi. Hakuna cha kutenganisha. V ni us, na mabomba yote matatu yatatoa V ileile kwa mkazo uleule. Hapo unapata sheria ya utelezi ikiwa tupu, na utagundua kwamba si lazima iwe mstari mnyoofu. Rojo nyingi zina mkazo wao wa kuanza kuteleza, τs, mdogo kuliko τ0, na baada ya hapo us hukua kama (τw − τs)^s, s ikiwa karibu 1 kwa chembe ngumu na kufikia 2 kwa chembe laini zinazobonyea. Hatari yake ni kwa asiyejua: anaona mzigo umeanza kusogea kwa Pa 15, anaandika τ0 = 15, kumbe amepima τs, na τ0 yenyewe ni mara kadhaa ya hiyo.

Zege ni mfano mkubwa wa hali hii, na ghorofa zinazopanda Kariakoo na Posta zinalimwaga kila wiki. Zege linalosukumwa kwenye bomba la 125 mm halitiririki kwa maana ya kawaida. Linakwenda kama mche mmoja mgumu, na mkwaruzano wote umo kwenye tabaka la rojo ya saruji na mchanga laini lenye unene wa milimita chache ukutani. Ndiyo maana kabla ya zege fundi anatanguliza uji wa saruji kwenye bomba. Uji huo ndio ukuta wa utelezi wenyewe. Bila huo, zege la mbele linaacha rojo yake kwenye bomba kavu, kokoto zinabaki peke yake, zinashikamana na bomba linaziba. Kuandika modeli ya hapa kwa K na n za zege lenyewe ni kupoteza muda. Kinachohitajika ni sheria ya ukuta, τw = τi + k V, τi ikiwa mkazo wa kuanza kuteleza na k ukinzani wa tabaka la ukutani, na shinikizo la pampu ni ΔP = 2L τw/R. Tuseme τi ni Pa 50 na k ni 1500 Pa·s/m. Kwa mita za ujazo 30 kwa saa, V ni 0.68 m/s, τw ni karibu Pa 1070, na mita 100 za bomba mlalo zinadai bar 34. Ongeza mara mbili kasi ya kumwaga na shinikizo linakaribia kuongezeka mara mbili, kwa sababu τi ni ndogo kando ya kV. Na gari la zege likikaa foleni kwenye jua, k na τi vyote vinapanda kabla halijafika. Kwenye bomba la wima ongeza uzito wa zege lenyewe, kama bar 0.24 kwa kila mita.

Sasa upande wa kompyuta. Sharti kamili la mpaka lina sehemu mbili: mwendo wa kupenya ukuta ni sifuri, na mwendo wa kuambaa ukuta ni β mara mkazo wa kuambaa, kwa uelekeo wa kuupinga. Ni sharti linalochanganya mwendo na mteremko wake, na jinsi unavyolitia kwenye programu ndiko kunakoamua kama litatulia. Tuseme bomba la R = 10 mm limegawanywa vyumba 100 vya milimita 0.1, kitovu cha chumba cha mwisho kikiwa Δ = 0.05 mm kutoka ukutani. Ukiandika mwendo mpya wa ukuta kwa kutumia mwendo wa ukuta wa mzunguko uliopita, uw = (b/Δ)(u1 − uw), u1 ikiwa mwendo kwenye kitovu cha chumba cha mwisho, kila kosa linazidishwa kwa b/Δ, ambayo kwetu ni 40. Suluhisho linalipuka ndani ya mizunguko michache. Tatua uw kutoka pande zote mbili kwanza:

uw = u1 · b/(Δ + b)

Hapo halilipuki kwa b yoyote. b yenyewe ikokotoe upya kila mzunguko kama β mara mnato wa chumba cha ukutani, na uilegeze kwa 0.5, yaani uchukue wastani wa b mpya na ya zamani, mnato unapobadilika haraka.

Wanaotumia OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko, wajihadhari na sharti la partialSlip. Jina linavutia lakini namba yake ya valueFraction ni uwiano tu wa kuchanganya "hakuna utelezi" na "utelezi mtupu", haina urefu ndani yake. Kwa utelezi wa Navier inabidi iwe Δ/(Δ + b). Kwa mfano wetu ni 0.0244. Ukigawa vyumba mara mbili na kuiacha 0.0244, urefu wa utelezi umeshuka kimyakimya kutoka milimita 2 hadi 1, na jaribio lako la kuboresha wavu, yaani mgawanyo wa vyumba, linakuonyesha majibu yanayohama bila kutulia. Wengi hulaumu wavu. Andika sharti lako mwenyewe, ni mistari michache ya msimbo wa programu.

Katikati ya bomba γ ni sifuri, na n ikiwa chini ya 1, mnato unakwenda kusiko na mwisho. Ulainishe mnato huo, η, kwa η = K(γ² + ε²)^((n−1)/2). Kwa rojo yetu ε ya 0.01 kwa sekunde inaweka kikomo cha mnato kwenye 200 Pa·s, wakati ukutani ni 4. Inatosha, na haibadilishi V kwa kiasi cha kuonekana. Kwa vimiminika vyenye τ0, njia ya Papanastasiou ya 1987 hufanya kazi hiyohiyo kwa kipeo m, lakini kumbuka kwamba chini ya τ0 inauacha mche wa katikati ukikwaruzana ndani kwa ndani polepole badala ya kubaki mgumu. Kwenye tatizo ambalo mwendo wote ni utelezi, mkwaruzano huo wa bandia unaweza kushindana na us yenyewe, kwa hiyo pandisha m mpaka V iache kubadilika.

Kabla ya kupeleka programu kwenye kona, valvu au mfereji wenye umbo gumu, ipe bomba nyoofu la R = 10 mm, K = 20, n = 0.5, β = 0.0005, na mteremko wa shinikizo wa Pa 20,000 kwa mita. Ukutani isome 0.050 m/s, katikati 0.133, wastani 0.100. Kisha badilisha R iwe 20 mm na mteremko uwe Pa 10,000 kwa mita, ili mkazo ubaki Pa 100: ukutani lazima ibaki 0.050, na wastani upande hadi 0.150. Ukutani kukibadilika, Δ imeingia kwenye sharti lako la mpaka.